SOMO: NYASI ZA UFIPA NI MALI YA NANI?



Tumesikia masomo mengi juu ya utunzaji wa maliasili, na karibu yote huanza na tembo au na miti mikubwa. Mkulima wa Ufipa huyasikiliza kwa adabu, kisha huenda zake shambani. Tembo wako Katavi, mbali kaskazini, na miti nyumbani kwake ni ile mikaratusi michache iliyopandwa na baba yake. Hivyo hudhani kwamba maliasili ni mali ya watu wengine. Katika somo hili tunataka kuanza na kitu ambacho kila mmoja wetu hukikanyaga kila siku, yaani nyasi.

Jambo lililotufanya tuliandike ni hili. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Septemba, moto ulitoka upande wa malisho katika kijiji kimoja cha parishi yetu, ukaruka njia, ukateketeza kilima kizima na miti iliyozunguka chemchemi. Mkutano uliitishwa. Mzee mmoja akasimama bila kulazimishwa, akasema ni yeye aliyewasha, kwa sababu ng'ombe wake wanne walikuwa wamekonda na alitaka majani mabichi yachipue. Watu walipomlaumu aliuliza, “Nyasi zile zilikuwa za nani? Nani kati yenu aliniambia kwamba ni zake?” Watu wakanyamaza, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. Ndipo mjane mmoja aliyekaa nyuma akasema, “Baba, zilikuwa paa langu.” Alikuwa amezingoja zikomae apate kuezekea.

Swali la yule mzee ndilo somo letu.

NCHI YETU ILIVYO

Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Sehemu kubwa iko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi, iliyo karibu na mji wa Sumbawanga, hupanda juu zaidi ya hapo. Upande wa mashariki nchi hukatika ghafula kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake liko Bonde la Rukwa lenye joto, ambako watu wa Muze na Mtowisa hutushangaa tunavyovaa makoti mwezi wa Julai. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi, nyasi hukauka, na kuanzia Agosti mtu akisimama mahali pa juu huhesabu moshi kama anayehesabu vijiji.

Mgeni anayekuja kwa basi kutoka Tunduma hupita Laela na kuona vilima visivyo na miti, akadhani nchi iliumbwa hivyo. Si hivyo kabisa. Wafua chuma wa Ufipa walikuwa na sifa katika nchi zote za jirani. Walijenga tanuri za udongo ziitwazo malungu, ndefu kupita kimo cha mtu, zilizowaka bila mivuo kwa kuwa upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, kintengwe, na hiyo ndiyo iliyovuviwa kwa mivuo. Kazi zote mbili zilikula mkaa mwingi. Majembe ya dukani yalipofika kwa bei rahisi, kazi hiyo ilikufa, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha au karibu kwisha. Hata leo wakulima hugonga mavi ya chuma kwa jembe na kuyatupa pembeni. Hatusemi kwamba wahunzi peke yao ndio waliomaliza miti. Mashamba ya vizazi vingi na moto wa kila mwaka vilifanya sehemu yao, pengine kubwa zaidi. Lakini tukitaka kusema ukweli, wazee wetu hawakuwa malaika wa misitu, nasi tusiwasingizie utakatifu huo.

Walichofanya baada ya hapo ndicho cha kujifunza. Nchi ilipobaki na nyasi, wao walijifunza kula kutokana na nyasi.

INTUMBA

Vijana wengi wa siku hizi wameyaona matuta ya duara kwenye mashamba ya bibi zao na kuyaita kilimo cha kizamani. Kwa Kifipa yanaitwa intumba. Hebu tuangalie yanavyofanywa, maana tumegundua kwamba hata wale wanaoyalima bado hawaelezi sana sababu zake, husema tu, “Ndivyo tulivyofundishwa.”

Kabla mvua hazijaisha, udongo ungali laini na nyasi zimekwisha kurefuka, mkulima hukata mapande ya ardhi pamoja na majani yake, akayapindua kuelekea mahali pamoja. Nyasi hulala ndani, udongo huzifunika juu. Tuta likikamilika lina upana wa hatua moja hivi na kimo cha goti. Ukilitazama shamba kutoka ng'ambo utafikiri ni kijiji cha vichuguu. Juu ya matuta hupandwa maharage, kunde au maboga. Kiangazi hupita, nyasi zilizozikwa zikiendelea kuoza polepole. Mvua za Novemba zikianza, matuta hubomolewa, udongo wake mweusi hutawanywa sawasawa, na ulezi hupandwa kwa kumwaga mbegu. Baadaye matuta hujengwa tena, safari hii kwa magugu na mabua, na baada ya miaka kadhaa shamba huachwa lipumzike mpaka nyasi zirudi.

Kwa nini maharage yatangulie na ulezi ufuate, isiwe kinyume? Hapa ndipo tunapopaswa kuvua kofia. Nyasi kavu zinapoanza kuoza, vijidudu vinavyozila huhitaji nitrojeni, na kwa kuwa nyasi zenyewe zina nitrojeni kidogo, huichukua iliyomo katika udongo. Mahindi au ulezi ukipandwa wakati huo hugeuka manjano kwa njaa, ingawa chini yake kuna chakula tele ambacho hakijaiva. Maharage na kunde havijali sana jambo hilo. Ukiling'oa shina la kunde utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Ndani yake mna bakteria wanaochukua nitrojeni katika hewa na kuugawia mmea. Kwa hiyo kunde huishi vizuri mahali ambapo ulezi ungedumaa. Kufikia msimu wa pili nyasi zimeoza, vijidudu vimekufa na kurudisha walichokopa, na mizizi ya kunde imeongeza ya kwake. Ndipo ulezi unaitwa mezani. Mababu hawakuwa na neno nitrojeni, lakini walikuwa na utaratibu wake.

Liko jambo la pili. Tuta hushika maji. Mvua ya Ufipa inaweza kuanguka kwa nguvu kama mtu anayemwaga ndoo. Kwenye shamba la matuta maji hukwama katika mifereji ya kati na kunywewa. Kwenye shamba lililolimwa kwa plau kutoka juu kwenda chini ya mteremko, kila mfuo ni barabara ya maji, na yanaposhuka hayashuki peke yake.

Wafipa si peke yao katika hekima hii. Ndugu zetu Wamambwe, walioko pande zote mbili za mpaka wa Zambia, wana matuta kama hayo, nao huyaita fundikila. Wamatengo wa Mbinga huzika nyasi kwa namna nyingine, katika kuta za mashimo yaitwayo ngoro, na kwa hiyo wameweza kulima miteremko mikali kwa muda mrefu bila udongo wao kwenda ziwani. Wabemba, kusini zaidi, walichagua njia ya moto: katika chitemene hukata matawi ya eneo kubwa, huyalundika mahali padogo na kuyachoma, kisha hupanda katika majivu. Njia hiyo yafaa penye miti mingi na watu wachache. Mahali pa miti michache na watu wengi, kama kwetu, haina pa kusimama.

JINSI TULIVYOYAACHA

Mwaka 1974, mwaka uleule Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa, watu walihamishiwa katika vijiji vikubwa. Tuliosoma shule karibu na barabara tuliona faida yake, na hatuikani. Lakini mashamba yaliyokuwa yametawanyika yalikusanyika kuzunguka vijiji, na shamba lililo karibu na nyumba hulimwa kila mwaka bila kupumzishwa. Wakati huohuo mahindi yalipata bei moja nchi nzima, mkulima wa mbali akilipwa sawa na wa karibu na reli, na mbolea ya chumvichumvi ililetwa kwa bei nafuu. Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikawa ghala la taifa. Watu walijenga nyumba za bati kwa magunia ya mahindi. Nani angeinama kujenga matuta, kazi ya kuvunja mgongo, wakati mfuko mmoja wa mbolea ulifanya kazi hiyo kwa asubuhi moja?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku iliondolewa, bei ya mbolea ikapanda, na wakulima wakabaki na udongo uliozoea kulishwa kwa kijiko. Tena mbolea ya SA, iliyotumiwa sana siku zile, huongeza uchachu wa udongo ikitiwa mwaka hadi mwaka. Serikali ilikuja kurudisha ruzuku kwa njia mbalimbali, lakini ruzuku hainyonyi uchachu. Tusieleweke vibaya. Mbolea ya dukani si adui, na yeyote anayemwambia mkulima mwenye watoto sita asiitumie, na alime kwanza mwenyewe. Tunalosema ni kwamba chumvichumvi huuongezea udongo chakula bali haiufanyi uwe udongo. Kinachoushikamanisha, kikaushikisha maji, ni mboji, na mboji ya Ufipa hutoka katika nyasi na samadi.

MOTO

Tumefika kwa mzee wetu na kiberiti chake. Nyasi za kilima kile zilikuwa na wenyewe wengi. Mfugaji alizitaka ziliwe. Mkulima wa matuta, kama angekuwapo, angezitaka zizikwe. Mjane alizitaka ziwe paa. Chemchemi nayo, ijapokuwa haisemi, ilizitaka zisimame mahali pake zikinge jua na kupunguza nguvu ya mvua. Wote hawa wangeweza kupatana, kwa kuwa kila mmoja anataka sehemu, tena kwa wakati wake. Moto tu ndio unaotaka zote siku moja.

Hatupendi masomo yanayowaita wachomaji moto wajinga. Watu huchoma kwa sababu. Huchoma kupata majani mabichi, kuwafukuza nyoka karibu na nyumba, kupata panya na ndezi wa kitoweo, kurahisisha kulima. Wachache huchoma kwa chuki, na hao tuwaachie wengine. Lakini tuangalie kinachotokea. Nyasi zikiungua, nitrojeni yake karibu yote na salfa yake nyingi huondoka na moshi. Potashi na fosforasi hubaki katika majivu, na majivu hungoja upepo wa Septemba au mvua ya kwanza. Majani mabichi yanayochipua baada ya moto hayakuumbwa na moto. Mmea huyatoa kwa akiba iliyomo katika mizizi yake. Ng'ombe wakiyala mara moja, na mwaka ujao vivyo hivyo, akiba hupungua, mashina mazuri hufa, na nafasi yake huchukuliwa na majani magumu ambayo ng'ombe hayataki. Ndipo mzee huona ng'ombe wamekonda zaidi, akawasha moto tena.

Wakati wa kuchoma nao una maana kubwa. Karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, maofisa wa misitu walianza mwaka 1933 kujaribu jambo hili kwenye vipande vya pori la miombo vilivyofanana. Kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zingali na unyevu. Kingine kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Kingine kilikingwa kabisa. Baada ya miaka mingi, palipochomwa mwishoni palikuwa pamegeuka mbuga ya nyasi yenye vichaka vifupi, miti mikubwa imekufa na midogo haikupata kuinuka. Palipochomwa mapema pori lilisimama. Palipokingwa, miti ilisongamana na aina za misitu mibichi zikaanza kuingia. Msomaji akitaka kujua kwa nini vilima vyetu viko uchi, na alitazame jaribio la Ndola, halafu akumbuke kwamba sisi tumelifanya kwa mamia ya miaka bila kuandika.

Kwa hiyo moto wa Mei au Juni ni mtumishi anayeweza kusimamiwa: huenda polepole, hulala usiku, huacha mabaka. Moto wa Septemba na Oktoba hauna bwana.

MBIZI NA BONDE

Mahali ambapo jambo hili linatuuma zaidi ni Mbizi. Juu ya milima ile umebaki msitu wa asili, vipande vipande vikizungukwa na nyasi. Vijito hutoka humo kuteremka kwenye mji na vijiji, na vingine kuporomoka kwenye Lyamba lya Mfipa hadi Bonde la Rukwa. Ndani ya msitu huo wanaishi mbega wekundu, ambao jamaa zao wengine wako Gombe, Mahale na mbali kule Kibale nchini Uganda. Ulimwenguni kote wanahesabiwa kuwa wanyama walio hatarini. Mbega huyu ni mnyama wa juu ya miti. Akitaka kuhamia msitu mwingine hana njia, maana kati yake na huko mna uwanda mtupu, mashamba na mbwa. Kila moto unaopanda kutoka kwenye nyasi huunguza ukingo wa msitu. Miti ya ukingo hufa, nyasi huingia mahali pake, na mwaka unaofuata moto huanzia ndani zaidi. Msitu haukatwi, waliwa kama mkate unaomegwa pembeni. Watu husema, “Mbona hakuna aliyeingia na shoka?” Hakuhitajika.

Na udongo unaokwenda na maji huenda wapi? Ziwa Rukwa halina mto wa kutoka. Kinachoingia humo hubaki humo. Ni ziwa lenye kina kifupi, lenye tabia ya kupanuka na kunywea sana kwa miaka, na kila mchanga unaoshuka kutoka kwetu unalifanya liwe na kina kifupi zaidi. Ndugu zetu wavuvi wa bondeni wanapolalamika juu ya tope na mafuriko, wanalalamika juu ya mashamba yetu, ingawa kwa heshima hawatutaji.

Bonde hilo limetufundisha jambo jingine, na tunaliandika kwa kuwa wachache wanalijua. Rukwa ni mojawapo ya mahali wanapozaliana nzige wekundu, na kwa sababu hiyo wataalamu wa nzige walikaa huko miaka mingi. Mmoja wao, Desmond Vesey-FitzGerald, aliacha kuwatazama nzige peke yao akaanza kuwatazama wanyama wanavyokula. Mwaka 1960 alichapisha alichoona. Tembo na nyati ndio waliotangulia katika nyasi ndefu, wakila na kukanyaga. Nyasi zilipolala na kuchipua upya, nyamera waliingia. Majani yalipokuwa mafupi na laini, ilikuwa zamu ya sheshe. Kila mmoja alimtengenezea mwenzake meza. Kumbe kilichoonekana kuwa vurugu la wanyama kilikuwa zamu.

Wanyama hao wamepungua sana katika bonde. Wawindaji haramu wana sehemu yao, na tangu miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wengi wamehamia na mifugo yao kutoka mikoa ya kaskazini, wengi wao wakiwa wameondolewa au kubanwa mahali pengine. Hatutaki somo hili liwe fimbo ya kuwapigia. Mtu aliyefukuzwa mara mbili haulizi habari za zamu. Hulisha leo, kwa kuwa kesho hajui atakuwa wapi. Utunzaji wa ardhi huanza na mtu kuwa na hakika kwamba ataiona tena mwakani.

MASHAMBA YA MIZIMU

Liko neno moja linalotuhusu sisi wenyewe wa Kanisa. Zamani Ufipa ilikuwa na vichaka ambavyo mtu hakukata fimbo humo wala kuwasha moto karibu, kwa sababu palikuwa pa mizimu ya nchi, na chatu aliyeonekana pale hakuguswa. Sisi na ndugu zetu wa madhehebu mengine tuliwafundisha watu wasiiogope mizimu. Tulifundisha vema. Lakini hatukuwaambia wakiheshimu kichaka kile kwa sababu gani nyingine, na siku woga ulipotoka, shoka liliingia. Mahali pengine palikuwa na chemchemi ndani. Mzee mmoja wa kanisa alituambia, si kwa kututania, kwamba chatu alikuwa Bwana Misitu aliyefanya kazi bila mshahara.

Leo ulinzi uliobaki ni wa sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu yake juu ya uchomaji wa majani, tena inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia chenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inalipa baraza la kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake. Basi jibu la kisheria kwa yule mzee lipo: zile nyasi zilikuwa za kijiji. Shida ni kwamba kitu cha kijiji kisichokuwa na mapatano ni kitu cha aliye na kiberiti.

TULIVYOPATANA

Mkutano ule haukuisha siku ile. Ulikaa mara tatu. Hatimaye kijiji kilikubaliana kwamba kilima kigawanywe. Upande wa malisho uchomwe kwa mabaka mwezi wa Mei au Juni, na mwenye kuchoma awaarifu majirani na aende na watu wenye matawi mabichi, asiende peke yake. Upande wa nyasi za kuezekea usichomwe wala kulishwa mpaka zikatwe. Kuzunguka chemchemi mkuza wa kuzuia moto ulimwe kila mwaka kabla ya Julai, na mikaratusi iliyokuwa imepandwa palepale majini iondolewe, kwa kuwa ni mti wenye kiu. Wengi walitaka mzee alipishwe ng'ombe mmoja. Mjane alikataa. Alisema ng'ombe hataezeka nyumba, bali vijana wa mzee wana mikono. Walimkatia nyasi kutoka kilima cha pili na kumwezekea kabla ya mvua.

Hatusemi mambo yamenyooka. Mwaka uliofuata moto ulitoka kijiji cha jirani ambacho hakikuwamo katika mapatano, na mkuza ulioachwa bila kulimwa upande mmoja ukaupitisha. Chemchemi inatoa maji, lakini mwezi wa Oktoba akina mama bado hungoja foleni.

Parishi nayo imetenga nusu ekari katika shamba la kanisa. Robo ekari tumejenga matuta mwezi wa Machi, tukapanda maharage. Robo ekari ya pili imelimwa kwa plau na kupandwa maharage hayohayo. Mwezi wa Novemba tutabomoa matuta na kupanda ulezi pande zote mbili, na mavuno ya kila upande yatapimwa kwa debe lilelile mbele ya watu. Tumehesabu pia siku za kazi, maana kama matuta yanashinda kwa debe moja na kula siku kumi zaidi, ni haki watu walijue hilo. Ambaye hana nguvu za kulima yote kwa matuta anaweza kujaribu njia ya katikati: asichome mabua, ayafukie kwa plau akilima kukata mteremko, na atangulize kunde kabla ya mahindi.

KWA VIKUNDI VYA MASOMO

Kabla ya kukutana, kila kikundi kitembee pamoja hadi chanzo cha maji kilicho karibu na kuhesabu hatua kutoka majini hadi shamba la kwanza. Mkiisha kurudi, jadilianeni haya. Katika kijiji chenu nyasi zina wenyewe wangapi, na ni nani kati yao hajawahi kuulizwa? Moto wa mwaka jana ulianzia wapi, na aliyeuwasha alikuwa anatafuta nini ambacho angeweza kukipata kwa njia nyingine? Je, wako wazee wanaojua kujenga intumba, na ni kijana gani ameombwa akajifunze kwao? Wafugaji waliohamia kwenu wamewahi kuitwa kwenye mkutano wa kupanga malisho, au huitwa tu siku ya faini?

Majibu yaandikwe na kukabidhiwa kwa katibu wa parishi kabla ya mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo mvua zitakuwa zimekaribia, na hakuna mtu atakayepatikana nyumbani.